Mkono wa Mpiga Picha za Vitambulisho

Mpiga picha za vitambulisho hukuinua kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kidogo kama mtu anayechagua papai sokoni, kisha akasema kwa sauti ile ile kavu, "Tulia. Usicheke." Hata maharusi hununa mbele yake. Na mkono wake hautikisiki. Mkewe husema angeweza kumimina chai tetemeko likipita bila kumwaga tone. Leo mpiga picha ameomba ruhusa kazini, maana kesho kitinda mimba wake anaanza darasa la kwanza. Asubuhi nzima amezunguka nyumbani hana hili wala lile, akinyoosha fremu ukutani, mpaka binti akatokea na sare mpya, sketi imefika vifundoni, meno mawili ya mbele hayapo. Baba akatoa simu. Vidole viwili vikaenda kidevuni vyenyewe.

"Tulia. Usi..."

"Nisicheke, baba?" Binti akanuna kama meneja wa benki.

"Aa, cheka bwana! Cheka mpaka pengo lionekane!"

Binti akacheka. Picha ikatoka ukungu mtupu.

"Mtoto katikisika," mkewe akasema.

"Mimi nilitulia, mama," binti akajibu. "Baba ndiye aliyekuwa anacheka."