Pickup ilikuwa inazima ikishapata moto, na engine haikuwa na shida

Wakuu, ejok.

Hii sikusikia kwa mtu. Gari ni yangu, mama ni wangu, na mahali nilikosea sitaficha.

Niko Kakuma. Nina pickup ya zamani, ya kabureta, na kwa gari mimi si mtu wa kubahatisha.

Juzi juzi ikaanza tabia. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishakimbia kama nusu saa, engine imepata moto, inakohoa, inazima.

Geji ya mafuta ilikufa zamani, kwa hivyo nashuka, nafungua tanki, napima na kijiti, nafunga. Halafu nangoja ipoe. Ikipoa inawaka kama hakuna kitu.

Nani hangesema ni joto? Nikabadilisha coil. Ikazima.

Fundi mmoja Mkongo hapa camp, mtu anajua kazi, akaniambia nianze kukagua kwa tanki. Nikamwambia mafuta iko, nimepima mwenyewe. Nikabadilisha fuel pump. Ikazima.

Sasa, mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Lodwar, na siku ya mwisho ya kuandikisha wagonjwa ilikuwa Ijumaa, mwisho saa sita mchana. Watarudi lini, hakuna anayejua.

Watu wakasema apande basi. Nikakataa, nitampeleka mwenyewe. Kichwa ngumu.

Ilizima mara mbili njiani. Mara ya tatu saa tano ilikuwa imeshapita. Niliogopa, wakuu. Nikapima mafuta, nikafunga tanki, nikakaa kwa kivuli cha gari kungoja.

Mama akaniambia kwa Kiturkana, "Kila ukifungua hicho kifuniko, kinavuta pumzi. Sasa unangoja nini?"

Mimi hiyo pumzi sikuwa nimeisikia hata siku moja. Nikaenda kuwasha nimwonyeshe haiwezekani, bonnet bado inachoma mkono.

Ikawaka.

Hapo ndio nikakumbuka. Vumbi ya hii barabara ilikuwa inaingia kwa tanki, nikakata mpira wa tube nikaupachika ndani ya kifuniko, na nikajisifu. Kumbe nimeziba katundu ka hewa. Mafuta inatoka, hewa haiingii, mwishowe pump inavuta bure. Kupoa hakukuwa na maana yoyote. Dawa ilikuwa ni vile nafungua kupima.

Niling'oa huo mpira nikatupa. Tulifika watu wawili bado wako kwa laini.

Jioni hiyo wakampasua jicho la kwanza, kesho yake wakamfungua bandeji. Akanishika kidevu, akanitazama sana.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nililia mbele ya manesi, na sioni aibu.

Wakuu, kabla ununue spare, jiulize wewe mwenyewe uligusa nini mwisho. Na fundi akikwambia uanzie kwa tanki, anzia kwa tanki.

Wenye gari za kabureta huku kwa joto, zenu zinazimia wapi? Na kama kuna mwingine aliziba tanki, aseme tu, tutacheka kidogo.