Rufaa ya Mjane wa Chundwa

Mteja wangu wa kwanza katika Mahakama ya Rufaa alikuwa mjane wa Chundwa aliyeniita "mwanangu" kabla hatujaketi. Alipanda ngazi za ofisi yangu hapa Amu, mjini Lamu, akihema, buibui limelowa kwa safari ya boti, akaweka mezani kikapu cha mikate ya mofa na kuniamuru nile kwanza. Kesi haitakimbia, alisema.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mumewe alipofariki, aliendelea kulima ufuta na kuangulisha nazi katika shamba lao kwa miaka mingi bila mtu kumuuliza. Kisha shemeji yake, mdogo wa marehemu, akazungusha ua na kumwambia asikanyage tena. Bibi akaenda mahakamani. Jaji akaamua kwamba amechelewa: sheria imeweka muda wa kudai ardhi, na kwa hesabu ya jaji muda huo ulianza siku mume alipokufa. Mimi niliona ulianza siku ua uliposimama, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyemnyang'anya kitu. Tukakata rufaa.

Nilikuwa wakili mchanga, nimerudi nyumbani kutoka Nairobi, na nilitaka majaji wajue kwamba nimesoma. Rasimu ya kwanza ya hoja zangu za maandishi ilikuwa na sababu za rufaa zaidi ya kumi, na hukumu za zamani nilizozichimbua kila mahali. Alipokuja tena, nikaona ni haki yake kujua ninachosema kwa niaba yake. Nikaanza kumsomea, nikigeuza Kiingereza changu kuwa Kiamu, sentensi baada ya sentensi.

Sikufika mbali. Sentensi nyingine ziligoma kugeuka. Aya niliyoionea fahari, nilipoisema kwa lugha ya mama yangu, haikuwa na kitu ndani. Yeye alisikiliza kwa adabu, kisha kichwa kikaanza kuinama. Nilipofika sababu ya tano alikuwa amelala kitini, mkono shavuni.

Halafu nikachukua kalamu, nikaifuta ya tano, na ya sita, na nyingi zilizofuata.

Akazinduka. "Sikulala. Umefika wapi?"

"Nimerudi mwanzo, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akajitengeneza ushungi. Kisha akainama mezani. "Sasa tia na lile la matanga. Shemeji alisema mbele za watu: shamba hili ni lako, usiwe na wasiwasi."

Nikainua kalamu. "Ulilisema mahakamani?"

"Nani aliyeniuliza?"

Nikamweleza kwamba majaji wa rufaa hawasikii mashahidi upya. Wanasoma yaliyoandikwa kule mahakama ya chini, wanapima kama jaji alikosea. Lisiloandikwa kule, mimi siwezi kulitia.

"Hata kama ni kweli?"

"Hata kama ni kweli, mama."

Alichukua kikapu chake. Chai niliyommiminia hakuigusa. "Mimi nalidhani nimekuya kwa mwanangu," alisema mlangoni, "kumbe nimekuya kwa serikali."

Nilishinda nayo kauli hiyo juma zima. Mwishowe nikapanda boti hadi Mtangawanda, nikachukua pikipiki hadi Chundwa. Alinipokea kama kwamba hatukuachana vibaya, akatandika mkeka.

"Leo sikuja kuandika," nikamwambia. "Nisimulie, mama. Yote."

Akasimulia mpaka adhana ya alasiri. Mumewe, aliyeogopa kupanda mnazi na kusingizia goti. Shemeji, aliyefika nyumbani kwao angali mdogo, akalelewa na yeye, akafuliwa kanzu na yeye. Nikafahamu kuwa ua ulimuuma kuliko nazi.

"Yana nilimuona ndiani," alisema. "Akainamisha mato." Akayainamisha macho yake kunionyesha. "Najua hutaliandika. Nilitaka mmoja wenu, nyinyi wa sheria, alijue."

Nikala samaki wake, nikarudi Amu, nikaandika upya. Safari hii ua ulisimama katika sentensi ya kwanza. Sababu za rufaa zilibaki mbili. Nilipitia tena kumbukumbu za kesi, na kila nilichokidai nikaandika kando ukurasa kinapopatikana, hasa pale shemeji alipoulizwa na wakili aliyemtetea bibi kule chini, akakiri kwamba bibi alikuwa akivuna mpaka siku alipomzuia. Kati ya zile hukumu za zamani nilibakiza moja tu, inayohusu jambo hilo hilo: muda huanza lini.

Rufaa ilisikizwa kwa mtandao. Tuliketi bega kwa bega mbele ya kompyuta yangu. Majaji watatu waliinamia makaratasi yao.

"Wamelala?" akaninong'oneza.

"Wanasoma, mama."

Jaji wa kati akauliza swali moja tu: ni wapi mjibu rufaa mwenyewe, yaani shemeji, anapokiri? Nikataja ukurasa. Kurasa zikafunuliwa. Jaji akatikisa kichwa kukubali, na mimi, niliyekuwa nimeandaa hotuba ndefu, nikaona niishie hapo. Bibi alinishika mkono chini ya meza.

Hukumu ilipotoka, ilisema hakuchelewa. Kesi ikarudishwa isikizwe upya na jaji mwingine.

"Basi tumeshinda ama hatujashinda?"

"Tumeshinda rufaa. Shamba bado. Lakini sasa utapata nafasi ya kulisema lile la matanga."

Alilia kwa furaha. Hata hivyo hakulisema mahakamani. Kabla ya tarehe kufika alimfuata shemeji yake hadi barazani kwake, akamkumbusha neno lake la matanga hapo hapo, ana kwa ana. Sijui walisemezana nini zaidi, ila walikuja ofisini pamoja, yeye mbele na shemeji nyuma kabeba kikapu. Wakagawana shamba: upande wenye kisima ukawa wa bibi, ua ukang'olewa, na mahakama ikayaandika makubaliano yao.

Siku hizi hunipigia simu. Mara ya mwisho ilikuwa juu ya jirani wa mpwa wake, ambaye maji ya paa lake yanamwagikia uani kwao. Nikamwambia jambo hilo halijafika hata kwa mzee wa mtaa, sembuse rufaa.

"Wewe andika tu," akasema. "Andika fupi."