Shati la Mkono Mmoja

Mtaani walimwita Mbwembwe, na jina hilo dada huyu alilibeba kwa raha zake. Alikuwa fundi cherehani asiyeweza kuiacha nguo hivi hivi. Gauni likitoka mikononi mwake lazima liwe na marinda matatu, shanga kifuani na mikono iliyovimba kama maputo. Mteja wake akikatiza barabarani, watu walisahau walikokuwa wakienda.

Asubuhi moja alimpelekea kaka yake shati jipya. Kaka huyo, fundi umeme, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi miezi minne nyuma, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ulilala tu. Mbwembwe alimkuta amesimama katikati ya chumba, macho ameyafumba, mkewe akimfunga vifungo kimoja kimoja.

"Nimekuletea lenye nakshi kwenye kola," Mbwembwe alisema.

"Zuri, mdogo wangu. Lakini mimi siku hizi sivai, navalishwa."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi kibandani kwake, akamwomba fundi viatu wa jirani amfunge mkono wa kulia mgongoni kwa kitambaa.

"Kwani umegombana na nani?" fundi viatu aliuliza.

"Na shati!"

Na kweli walipambana. Alivuta, akang'ata kola kwa meno, akazunguka pale pale mpaka jasho likamtiririka. Kumbe adui ni vifungo! Akavikata vyote. Shati la kwanza alilitia sumaku. Kuinama tu, likafunguka lote. La pili alilitia utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, lakini bega likakwama. La tatu akalipasua ubavuni hadi kwapani, akatia utepe na huko, kisha kifuani akashona vifungo vya kuzugia. Asingekuwa Mbwembwe bila kuweka pambo hata moja.

Akavaa. Akavua. Akavaa tena! Ukelele alioupiga ulimleta fundi viatu mbio na ndoo ya maji, akidhani kibanda kinaungua.

Hakungoja hata kulipiga pasi. Kwa kaka yake alifika akihema, akalitandaza kitandani. Kaka akaingiza kwanza mkono uliolala, akajizungushia nguo mgongoni, akaingiza wa pili, akajipigapiga kifuani: pa, pa, pa. Limefunga! Mkewe akanyoosha mkono amwekee kola sawa.

"Usiniguse, mke wangu!" kaka alipaza sauti, kisha akaangua kicheko, nao wakacheka mpaka machozi. Alilivua na kulivaa mara tano, na kila mara wifi na wifi walimpigia makofi.

Wiki iliyofuata kaka alilivaa kwenye mazoezi ya viungo hospitalini. Akitoka huko alipitia kibandani kwa Mbwembwe na mama mmoja, karani mstaafu, anayetembelea fimbo.

"Sketi zangu zote zipu iko nyuma," yule mama alisema kwa haya. "Utaziweza?"

"Zipu tunaileta mbele, mama, na mfuko wa simu juu yake!" Mbwembwe alijibu, tayari amepiga magoti anampima kiuno, moyo ukimdunda kwa furaha.