Mnaotamba na dizeli, someni kilichonikuta Mbingu nikienda kumzika dada

Wakuu, vijana marahaba. Wakubwa zangu kama mpo humu, shikamooni.

Kila wiki naona uzi wa dizeli au petroli, na kila wiki yupo bingwa anayeandika kwamba petroli ni gari la akina mama. Bingwa huyo namfahamu vizuri. Nilikuwa mimi. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, na ya kuniaibisha sijayapunguza.

Nimeendesha trekta kwenye mashamba ya miwa huku Kilombero mpaka nikastaafu. Trekta lile lilikunywa chochote. Dizeli ya dumu, dizeli ya pipa iliyochujwa kwa kipande cha kanga, twende.

Likiingiza upepo likazima, unalegeza nati, unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza. Dakika kumi. Kwa elimu hiyo nikajiona daktari wa kila injini ya dizeli duniani.

Nilipostaafu, mke wangu, Mama Editha, alitaka gari dogo la petroli. Safari zetu zenyewe ni kutoka kwetu Mlabani hadi sokoni, Mlabani hadi kanisani. Nikamwambia sinunui kiberiti.

Kiberiti ni jina nililolipa gari la mdogo wake, shemeji yangu Gaudensi. Petroli, dogo, mlango mmoja wa nyuma umefungwa kwa waya. Nilimcheka nalo harusini, nikamcheka nalo misibani, naye anatabasamu tu.

Nikanunua dizeli. Si zile za zamani, ni hizi za kisasa za common rail, zinazopuliza mafuta kwa presha kubwa. Fundi aliyenikagulia akanionya: "Mzee, hili siyo trekta. Maji kidogo tu kwenye mafuta, pampu na nozeli kwaheri."

Nikamuuliza amezaliwa mwaka gani.

Sasa nyumbani nina pipa la dizeli ya pawatila ya kulimia mpunga. Linakaa nje, na masika ya huku mnayajua. Mwenye akili anaelewa kwamba mle ndani maji yamo. Hata mimi nilielewa, ila nikasema maji hukaa chini, gari nitalichotea ya juu. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nikaiita mapambo.

Ndipo dada yangu mkubwa akafariki, Mngeta. Huyu ndiye aliyenisomesha sekondari kwa kuuza mpunga wake, yeye mwenyewe darasa halijui. Katika tumbo letu nilibaki peke yangu, kwa hiyo neno la ukoo kaburini lilikuwa langu. Mazishi yakapangwa kesho yake saa nane mchana.

Asubuhi nikajaza tangi kutoka kwenye pipa, tukaondoka.

Saa sita tumekipita kijiji cha Mbingu kidogo, gari likakohoa, likazima.

Haukupita muda Gaudensi akatokea nyuma na kiberiti chake. Akasimama. Hakucheka. Akasema tukibanana nafasi mbili zipo. Nikamwambia watangulie, natoa upepo tu, nawafuata.

Mama Editha alikuwa ameshapanda. Akashusha kioo.

"Baba Editha, panda. Gari utalikuta. Dada hutamkuta."

"Dakika kumi," nikamjibu, nikageukia injini.

Mnataka kujua kwa nini? Sikuwa tayari kuonekana nashuka msibani kutoka kwenye kiberiti. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Saa saba ikapita. Nimelegeza kila nati niliyoijua na nyingine nisizozijua, gari kimya. Saa nane ikapita nikiwa chini ya boneti, mikono inanuka dizeli.

Baadaye likaja trekta la mkulima, taa moja, moshi kama tanuri la matofali. Likanivuta mpaka Mbingu. Dereva wake, mtu mzima, akaniuliza kwa heshima zote: "Mzee, na hili nalo ni dizeli?"

Nikachukua bodaboda. Mngeta nikapishana na watu wanatoka makaburini, majembe begani.

Walinisubiri mpaka mvua ikaanza. Neno la ukoo wangu akalisema shemeji. Wanasema alilisema vizuri. Alinitaja kwa jina, akasema nipo njiani.

Fundi alipofungua filta akamimina maji kwenye kikombe cha chai, kikajaa. Pampu na nozeli kwaheri. Gari liko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake.

Ushauri mnaoutafuta ni huu. Unabeba mizigo mizito kila wiki na mafuta unaweka sheli tu, chukua dizeli, ina nguvu na haili sana. Safari zako ni sokoni na kanisani, chukua petroli ndogo uishi kwa amani. Una pipa nyumbani na kichwa kama changu, nunua baiskeli.

Siku hizi Jumapili tunakwenda kanisani na kiberiti. Nakaa nyuma, upande wa mlango wa waya. Gaudensi hajanitajia siku ile hata mara moja. Bora angenicheka.

Haya, mabingwa wa dizeli, uwanja wenu. Matusi napokea. Ila anayetaka kunielekeza ni nati ipi ningelegeza, huyo apite kimya.