Wifi Yangu na Viti vya Bodi

Wifi yangu ni dobi, na ulimi wake unachoma kuliko pasi yake. Nina haki ya kusema hivyo, maana ni dada wa mume wangu, na tangu niolewe hatujawahi kumaliza wiki bila kutaniana au kununiana. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mume wangu. Alifua nguo za watu mpaka mdogo wake akamaliza shule, yake mwenyewe ikaishia njiani. Hakuolewa. Ukimuuliza sababu, atakwambia amekwisha kulea mwanamume mmoja, akanikabidhi akiwa mvivu hivyo hivyo, sasa wa pili wa nini?

Wazazi walipomchagua kuingia bodi ya shule, nilicheka. Nilidhani tumempatia tu watu wengine wa kugombana nao, sisi tupumue. Yeye hakucheka. Alinyoosha gauni lake la bluu, akavaa viatu vya kufunika vidole, akaenda kwenye kikao cha kwanza. Akarudi amenuna. Nikamuuliza wamezungumzia nini, akasema wamezungumzia chakula cha kikao kijacho.

Sasa niwaeleze kuhusu darasa la binti yangu. Binti yangu haoni vizuri. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, na herufi kubwa anazisoma kitabu kikiwa kimegusa pua. Shuleni kwetu kuna darasa dogo la watoto kama yeye, pamoja na wengine ambao mgongo haukai sawa au miguu haina nguvu. Chama kimoja cha kusaidia watoto hao kilileta kila kitu: taa kali, mapazia mazito ya kuzuia jua lisiwaumize macho, feni, na viti vyenye mito, vya kupandisha na kushusha kulingana na kimo cha mtoto. Shule nzima, hicho ndicho chumba pekee unachoweza kukaa ukainuka bila msumari kukuchania nguo.

Basi bodi ikakipenda. Kila wakiwa na kikao, watoto wanatolewa. Wanakalishwa barazani, sakafuni, jua linawapiga usoni, na mwalimu wao anawaimbisha ili ionekane wanafundishwa. Waheshimiwa wanaingia, wanapandisha viti mpaka vikae sawa na matumbo yao, wanawasha feni, wanajadili maendeleo ya elimu. Kesho yake mwalimu anashinda akishusha viti kimoja kimoja. Na vikao vilikuwa haviishi, kwa sababu kila kikao kina sahani ya nyama na posho. Wazazi wengine walichoka, wakaanza kuwaacha watoto nyumbani. Mimi sikumwacha wangu, lakini siwalaumu.

Mwenyekiti wao ana duka la saruji na mabati. Tunamwita Kwa Niaba, maana huyo bwana hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kusema "kwa niaba ya bodi". Mimi kusema kweli ananitia kinyaa tangu zamani. Ana namna ya kumpapasa mtoto kichwani huku akitazama kama mzazi ameona.

Siku ya bajeti wazazi tuliruhusiwa kusikiliza, ila tusiingie ndani. Nikasimama barazani dirishani, binti yangu na wenzake wameketi chini miguuni mwangu. Walijadili timu ya mpira, wakajadili kompyuta, wakajadili kupaka rangi ukuta wa mbele. Kero za wazazi huwekwa mwisho kabisa, kwenye mengineyo, wakati masufuria yameshaanza kunukia na kila mjumbe anatazama mlango. Pesa zikaonekana hazitoshi, kitu lazima kikatwe. Kwa Niaba akasema darasa maalumu lifungwe, na watoto wachanganywe na wengine. Sababu yake isikilizeni vizuri.

"Kwa niaba ya bodi," alisema, "mimi nimeingia darasa hili vikao vyote vya mwaka huu. Sijawahi kukuta mtoto hata mmoja."

Alisema hivyo amekaa kwenye kiti cha mtoto. Na watu wazima waliomzunguka, watu wenye familia zao, wakatikisa vichwa kwamba kweli. Mwalimu mkuu akainama kuandika. Nilitafuta sura itakayocheka, au hata itakayoona haya, sikuiona. Ingekuwa uongo ningeuelewa, uongo tumeuzoea. Huyu alikuwa anaamini kabisa. Mtoto anatolewa ili wewe ukae, halafu unamshtaki kwamba hayupo!

Na nilijua darasa likifungwa, mwanangu basi. Madarasa mengine watoto wamebanana dawati moja watu watano, mwalimu anaandika ubaoni na kufuta. Mtoto asiyeuona ubao atasukumwa nyuma, atasahaulika huko, atatoka shule hawezi kusoma jina lake. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunisomea maandishi ya dawa nyumbani, pua kwenye karatasi, anajidai huyo.

Nikamsubiri wifi yangu alipuke. Wapi! Alianza kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Akawaambia watoto wapo hapo nje, wageuke tu wachungulie dirishani. Hakuna aliyegeuza shingo. Akawaeleza habari za taa na mapazia, mjumbe mmoja mnene akapiga miayo bila hata kuziba mdomo. Akasema mmoja wa watoto hao ni wa mdogo wake, na sasa anasoma. Kwa Niaba akamjibu kwamba bodi haiendeshwi kiukoo, na akamwomba afupishe, chakula kinapoa. Nilimwona wifi yangu ameuma meno. Nikajua hapa sasa ama atamtukana mtu ama atalia, na kulia simjui.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama feni ikizunguka. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sabuni:

"Na hivi viti watakuja kuvichukua lini?"

Kwa Niaba akauliza nani avichukue.

"Chama. Si walisema siku ya kukabidhi, tena kwenye kipaza sauti? Vitu ni vya darasa. Darasa likifa, vinahamia shule nyingine. Na feni. Mimi nitawapigia kesho walete gari, tusiwacheleweshe."

Yule wa miayo akashika kiti chake kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu akakiri kwamba ni kweli, ilisemwa. Basi hapo ndipo nilipoona maajabu. Ghafla watoto wale wakawa fahari ya shule. Ghafla mjumbe mmoja ana binamu asiyeona, anampenda sana. Kwa Niaba akasema, kwa niaba ya bodi, kwamba yeye siku zote amekuwa mlezi wa darasa hili, na kama kuna aliyemwelewa vibaya amsamehe. Wakapiga kura, mikono yote juu, darasa libaki, rangi ya ukuta isubiri mwaka mwingine. Kisha wakala.

Mimi nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani. Nikamwandalia wifi chai, nikamwambia leo amewakomesha, kuanzia leo simnunii tena. Hakugusa kikombe.

"Usinipongeze," akasema. "Nimewaeleza habari za mtoto, wamepiga miayo. Nimetaja makalio yao, wameamka."

Akainuka, akaenda nje kwenye ndoo kunawa mikono, na alinawa muda mrefu, yeye ambaye mikono yake inashinda kwenye sabuni kutwa.

Nilidhani angalau wangeona aibu. Kikao kilichofuata, watoto walikuwa barazani tena, kwenye jua lile lile. Nilikuwa nimempelekea binti yangu kofia, nikakuta viti vimeshapandishwa, feni inazunguka. Wifi yangu aliingia, akawasalimia wenzake, hakukaa. Alikivuta kiti chake, akakishusha mpaka chini kabisa, akakibeba, akatoka nacho. Kwa Niaba akamwita kutoka ndani, akimwambia hicho ni kiti cha bodi. Wifi yangu akaendelea kutembea. Akakitua mbele ya binti yangu, akasimama anahema, hajapata hata pumzi ya kusema neno.

Binti yangu aliona kivuli kikubwa, na kiti; hakujua ni shangazi yake. Akainuka upesi, akakipapasa mpaka akaujua ukubwa wake, akashika pindo la sketi yake, akaufuta mto wote, na mgongo wa kiti, kwa bidii ya mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Kisha akarudi nyuma mpaka ukutani na kukusanya miguu asizibe njia.

"Tayari, mwenyekiti," akasema.