Kiti cha Agripina

Niliondoka Endasak kwa sababu binti yangu Paskalina alikuwa ameacha kula. Sikuondoka ili nikaone ndege, kama wanavyosema akina mama kwenye mashine ya kusaga. Ndege nilishaziona. Zile ndogo za mashamba ya ngano zinazomwaga dawa zilikuwa zinapita juu ya paa langu mpaka kuku wanajificha chini ya kitanda. Naandika haya mwenyewe. Nimesoma kisomo cha watu wazima tu, kwa hiyo msinitafutie makosa, tafuteni maana.

Paskalina ameolewa Dar es Salaam na Gaudensi, mtu wa Songea, fundi kwenye shirika la ndege. Ni mkwe mwenye adabu, hata kwenye barua anaanza na shikamoo. Mwaka ule, ngano ikivunwa, binti yangu alizaa mtoto ambaye hakulia. Wakamzika. Paskalina akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Sisi Wairaqw hali hiyo tunaiita meeta. Kifo kikipita tumboni mwa mwanamke, anakaa peke yake: kikombe chake, kigoda chake, hashiki mkono wa mtu, hakanyagi zizi la ng'ombe, mpaka wazee waseme yamekwisha. Kanisa halipendi, na wazee wenyewe wameipunguza. Lakini mtoto wangu aliinyonya pamoja na maziwa. Na kule mjini hakuna mzee wa kumwambia yamekwisha. Basi akaendelea tu, akikonda, mwisho akakataa na chakula.

Gaudensi akatuma neno kwa redio ya shamba la ngano. Safari, dereva wa lori, mtu wa Masakta, akalileta mpaka mlangoni kwangu.

"Shikamoo Bibi. Mkweo anasema njoo upesi. Mwanao hali chakula, labda atakula kwa mkono wako. Utapanda ndege bure."

"Bure ya nani?"

"Ya kazi yake. Mama mkwe wa fundi halipi."

Nilijivuna, siwafichi. Nilifunga kibuyu cha samli na mfuko wa mahindi ya kande, nikapita makusudi mbele ya nyumba ya Veronika, jirani yangu, nikitembea polepole ili aulize.

"Ukifika huko juu utusalimie marehemu," akanitania.

"Nitawasalimia. Mumeo nimwambieje, kwamba umenenepa?"

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kwenye mashamba ya ngano tulifika jua linainama. Mabasi wakati ule hayakuwa na mafuta, dizeli ilikuwa kwenye magari ya ngano, kwa hiyo ilinilazimu kwanza kupanda na Safari hadi uwanda wa Basotu akapakie. Mimi ni mtu wa milima. Nilizaliwa Masieda kule Mbulu, ambako ukitazama popote unaona bonde, moshi, nyumba ya mtu. Pale hapakuwa na mti. Ngano ilikwenda mpaka inakutana na mbingu. Upepo ukipita, inanong'ona kama watu wengi kanisani kabla padri hajaingia. Mashine za kuvuna zilitambaa mbali ndani ya vumbi, na sikuona mtu juu yake.

"Nani anaziendesha?" nikamuuliza Safari.

"Watu, Bibi."

"Siwaoni."

"Hata mimi siwaoni. Lakini mshahara wanachukua."

Njia ya Arusha tulikwenda juu ya magunia, Babati, Minjingu, Makuyuni, mimi nimekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Arusha Safari akanitafutia gari dogo la kunifikisha kiwanja cha ndege, kule njia ya Moshi.

Kiwanjani ndipo nilipojua bure maana yake nini. Nyumba ni kubwa, sakafu inang'aa kama maji, nikavua viatu. Kwenye kaunta alikaa binti mmoja, Rehema, mpole, ana sare. Tiketi yangu alikuwa nayo.

"Shikamoo Bibi. Hii ni tiketi ya kusubiri. Wenye tiketi za kununua wanaingia kwanza. Kikibaki kiti, unaingia wewe."

"Na kisipobaki?"

"Unasubiri ndege nyingine."

"Mwanangu hali, unasikia? Hali chakula!"

"Nasikia Bibi. Lakini siwezi kumshusha mtu aliyelipa."

Siku ile hakikubaki kiti. Nililala kwenye benchi, kichwa juu ya mfuko wa mahindi. Wenzangu wa kusubiri walikuwepo, wake za marubani, shemeji wa makarani, wamezoea. Mmoja aliniambia mwaka jana alikosa harusi ya dada yake akiwa ameketi pale pale, amevaa gauni la harusi. Waliokaa pale muda mrefu walikuwa na macho ya namna moja. Wanautazama mlango. Mtu akiingia na sanduku, nyuso zao zinasinyaa.

Kesho yake niliingizwa. Nimeshakaa, nimeshafungwa mkanda, nimeshamwambia Mungu asante, akaja mwanamume mnene anatoka jasho.

"Samahani mama, hicho ni kiti changu."

"Umechelewa baba. Mimi nipo, wewe hukuwepo."

"Nimelipa, mama."

Nikashushwa. Kushuka ngazi ya ndege mbele ya watu waliobaki ndani, na kibuyu chako, ni kama kufukuzwa kwa mume mchana. Ndege ikaondoka. Nikarudi kwenye benchi, nikaanza na mimi kuutazama mlango.

Hapo ndipo kitu kilipoingia ndani yangu. Nilikuwa naomba. Mwanzo nilidhani naombea safari. Halafu nikajisikiliza, nikajua naomba mtu asifike. Nilikuwa nawachagua! Yule mzee anakohoa, anaweza kughairi. Yule mama mjamzito, anaweza kuumwa. Mimi niliyezaa saba na kuzika wawili, nimekaa kwenye benchi nawaombea watu nisiowajua wapatwe na jambo. Kwetu mtu akiomba hivyo anaitwa jina baya. Nikajaribu kumtengenezea Mungu ombi dogo: Baba, basi pancha tu. Pancha, au ugomvi na mkewe. Lakini moyo haukuishia kwenye pancha. Nikimwona Paskalina akilini, amelala ameelekea ukuta, moyo ulikuwa tayari kukubali chochote.

Siku ya tatu ile sauti isiyo na mdomo, inayotoka darini, ikaita jina.

"Abiria Agripina. Abiria Agripina, ndege inaondoka."

Jina la ukoo nimeliacha makusudi. Watu wakageuka kutazamana. Hakuna aliyeinuka. Sauti ikaita tena. Nje kulikuwa kimya, barabara nyeupe, hakuna hata gari la mbali. Ikaita mara ya tatu. Kwetu mtu akiitwa mara tatu asiitike, wanaume hushika majembe ya kaburi.

"Bibi, haraka!" Rehema akanishika mkono.

Ndani ya ndege kiti kilikuwa kimoja tu, karibu na dirisha. Mkanda wake ulikuwa umeshafungwa, umefungwa juu ya hewa. Nikaufungua, nikakaa. Kilikuwa cha moto. Siyo joto kidogo, moto wa mtu aliyekaa muda mrefu akainuka sasa hivi.

"Nani alikaa hapa?" nikamuuliza mhudumu.

"Hakuna, Bibi. Ni jua la dirishani."

Dirisha langu lilikuwa upande wa kivuli.

Mhudumu akapita akihesabu vichwa. Akarudi akahesabu tena. Akamnong'oneza mwenzake, "Wamezidi mmoja." Wakahesabu wote wawili, safari hii ikawa sawa, wakacheka. Mimi sikucheka. Huko juu, mawingu yako chini kama ngano nyeupe isiyo na mwenyewe, nilikaa ukingoni mwa kiti njia nzima, nimebana miguu, kama vile kuna mtu ninamwachia nafasi. Chakula chake wakanipa mimi, andazi na soda kwenye kiboksi. Kwa njaa niliyokuwa nayo, nilikula. Nikiwa namalizia ndipo nikajiuliza nimekula cha nani.

Dar es Salaam Gaudensi alinipokea na gari la kazini, joto limenivaa kama blanketi bichi.

"Shikamoo mama. Pole. Nilikuambia ni bure, sikukuambia ni shida."

"Marahaba. Anakula?"

Akatikisa kichwa. Alisema daktari haoni ugonjwa mwilini. Alisema anamwekea sahani mlangoni, asubuhi anaikuta na sisimizi. "Sijui mila zenu, mama," akasema. "Nimwambie nini mtu anayenikataza kumgusa?"

Kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba cha nyuma kilikuwa na mlango wa kijani. Dirishani kikombe kimoja, sahani moja. Nikagonga, nikaita kwa Kiiraqw. Nasimulia kwa Kiswahili ili wote msome.

"Mama, usiingie."

"Nimetoka Endasak kuja kukaa nje ya mlango?"

"Nina meeta. Ukila na mimi utaibeba mpaka nyumbani. Kwa ng'ombe. Kwa watoto wa kaka. Wakifa, nitakuwa nimewaua na hao."

Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga njia nzima: kwamba wazee wamepunguza, kwamba padri amesema. Yote yakaondoka. Nilikaa sakafuni nikaegemea mlango. Nikamsimulia yale yaliyonitisha, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine ambaye angeyaelewa. Benchi. Maombi yangu. Sauti. Mkanda uliofungwa juu ya hewa, kiti cha moto, andazi.

Halafu karibu kabisa na sikio langu, upande wa pili wa mbao:

"Aliitwa mara ngapi?"

"Tatu."

"Na hakuitika?"

"Hakuitika."

"Na wewe uliomba asifike."

"Niliomba."

"Ukakaa kiti chake kikiwa cha moto. Ukala chakula chake." Nilimsikia anavuta pumzi. "Mama, huwezi kurudi nyumbani hivyo."

"Najua siwezi."

"Basi na wewe unayo."

"Nadhani ninayo, mwanangu. Na naogopa."

Komeo likalia. Paskalina alikuwa mifupa na macho. Alinitazama kwanza mikono, kama mtu anayetafuta upele, halafu akakaa sakafuni kando yangu, bega kwa bega. Kande nilizipika jioni ile ile, nikamwagia samli. Tulikula kwenye sahani moja. Alikula kidogo, akatapika, akala tena. Gaudensi alisimama ukumbini na shati la kazini, anatusikia tunatafuna.

Nilikaa naye mpaka akaanza kugombana na mumewe kuhusu chumvi. Hapo nikajua amepona nusu. Siku moja Gaudensi akaniita pembeni.

"Mama, naweza kuuliza kazini. Yule Agripina watakuwa wanamjua. Labda alichelewa tu. Ukijua yu hai, roho yako itatulia."

"Na roho ya mkeo?"

Akatazama upande wa chumba cha nyuma.

"Agripina akiwa hai, mimi sina kitu, ni safi. Paskalina atanifungia mlango tena. Usiulize, baba. Hata ukisikia kwa bahati mbaya, usiniambie."

Akainamisha kichwa. Hakuuliza, na mimi sijauliza mpaka leo. Hiyo ndiyo nauli ya ile tiketi.

Wakati wa kurudi alinionyesha tiketi nyingine ya kusubiri. Nilimwambia aipeleke kwa adui yake. Nikapanda basi. Lilijaa, mwanamume mmoja akaniinukia.

"Kaa Bibi."

"Unainuka kwa hiari yako? Hakuna anayekulazimisha, huumwi?"

"Kwa hiari, Bibi."

"Sema tena, watu wasikie."

Akasema tena, basi zima linacheka, ndipo nikakaa.

Endasak nilifika nikakataa mikono ya watu mlangoni kwangu. Nilichukua kikombe changu na kigoda changu, nikahamia kibanda cha nyuma. Zizini sikukanyaga, wajukuu niliwaamkia kwa mbali. Katekista alikuja kunisema, nikamsikiliza, nikabaki pale pale. Veronika alipaza sauti juu ya uzio: "Wengine wakipanda ndege wanarudi na kitenge, wewe umerudi na mkosi!" Lakini kila jioni aliniletea uji, anauweka juu ya jiwe.

Mahindi yalipokauka Paskalina akaja na mumewe, amenenepa shingo. Tuliwaita wazee watutoe sote wawili siku moja. Tulinyolewa, tukaogeshwa, tukapewa maziwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Huyu binti tunajua amemlilia mtoto. Wewe umefiwa na nani?"

"Mwanamke anaitwa Agripina."

"Wa ukoo gani?"

"Simjui."

"Amekufa kweli?"

"Sijui."

Walitazamana. Halafu yule mzee akasema, kama ameitwa na hakuitika, aliliwe. Akina mama wakaanza, Veronika mbele, maana sauti anayo. Paskalina alilia kuliko wote, na sikumuuliza anamlilia nani.

Nilichojifunza ni hiki: hakuna kiti kitupu. Kuna kiti ambacho mwenyewe hajafika, na ukitaka kukaa bure, kuna sehemu ya roho yako itabaki mlangoni inamzuia. Mimi nilikaa, na mwanangu anakula. Ningeambiwa nirudie, ningerudia, Mungu anisamehe.

Na wewe Agripina, kama uko hai mahali, Moshi au popote, unakunywa chai yako, usiogope ukisikia haya. Endasak ulililiwa vizuri, na watu wengi.