Siku Tuliyomcheka Mwalimu Anselme

Mvua ya kwanza ikigonga mawe meusi ya volkano, Goma yote hunuka kiberiti na moshi wa zamani. Harufu hiyo hunirudisha mwaka wa tatu wa primeri. Lava ilikuwa imekula shule yetu, nasi tulisomea chini ya turubai, kila mmoja na jiwe lake la kukalia.

Mwalimu wetu, Anselme, alikuwa mtu mrefu sana mwenye suruali fupi. Wenzake walifundisha kwa fimbo, yeye alituchekesha. Akitaka tujue kugawanya, aligeuka mbuzi mkaidi kwenye duane ya Bunagana, pale forodhani mpakani: alipiga magoti juu ya mawe, akatafuna kaye, daftari la mtu, akalia meee mpaka wapita njia wakasimama. Tulicheka, na hesabu ikatuingia bila sisi kujua.

Zawadi peke yake hakucheka. Alikuwa amekimbia vita Masisi pamoja na mama yake, akawekwa karibu nami, na kwa miezi miwili hatukuwa tumesikia sauti yake. Ijumaa moja Mwalimu alimsogelea kwa magoti.

"Tuko mbuzi makumi mbili na ine," alimwambia kwa huzuni. "Kamiyo za kutubeba ziko ine. Mu kila moja tutabanana wangapi?"

Midomo ya Zawadi ikatetemeka. Kicheko kikamtoka, chembamba kama kikohozi.

"Sita, Mwalimu. Lakini wewe uko murefu, pembe utaziweka wapi?"

Turubai nzima ililipuka. Mwalimu aliinuka akipangusa magoti, uso unang'aa.

Jumatatu Zawadi hakuja. Tuliambiwa vita vimetulia, yeye na mama yake wamerudi kwao kuvuna maharage. Wiki mbili baadaye Mwalimu alichelewa, akaingia bila kutusalimia, akachukua chaki, akaanza kuandika tabloni. Nikainua mkono.

"Mwalimu, leo hakuna mbuzi?"

Alibaki ametugeuzia mgongo. Mabega yakaanza kutikisika. Tukajua mchezo umeanza, tukacheka, mimi wa kwanza, tukipiga mawe kwa viganja. Kadiri mabega yalivyotikisika, ndivyo tulivyozidi. Aliondoka bila kugeuka. Hakutuchekesha tena, nami nilimkasirikia, nikidhani ametuchoka.

Nilikuwa mtu mzima mama yangu aliponiambia kwamba asubuhi ile habari ilikuwa imemfikia Mwalimu: Zawadi na mama yake waliuawa shambani.

"Mulikuwa batoto," alisema. "Tungewaambia nini?"

Leo nafundisha watoto waliokimbia vita vingine. Wananitazama, wakingoja. Nafungua mdomo niwachekeshe, kisha nawaambia tu wafungue kaye.